Yule wa Barafuni

3 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Shemeji naye, na kile kikohozi chake kiwe kimeshatafuta mtu mwingine wa kumsumbua. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Mume wangu Fundi bado anatengeneza majokofu ya watu. La kwetu linavuja maji mpaka sebuleni, na nikimwambia ananijibu kwamba kinyozi hajinyoi. Mama goti linamuuma asubuhi, likimwachia jioni anasahau kabisa, anataka kupanda kwenye stuli apanguse taa. Mwanangu Bosi ameota jino la nne. Amelijaribu kwenye bega langu.

Nimesharudi kazini. Nasimama kaunta pale duka la mikate na usingizi umenijaa mpaka kwenye vidole. Juzi mzee mmoja kanipa hela ya mkate, nikamrudishia chenji na kumwambia karibu tena. Kasimama kidogo, kasema, "Binti, na mkate je?" Wenzangu wamenicheka mpaka trei zikatikisika.

Umesema tuandikiane barua kwa sababu mtandao wa kwenu unakatika. Haya, tuandikiane. Mwandiko wangu unaujua, ni kuku kapita kwenye majivu. Wewe ni mwalimu, lakini tafadhali, kalamu nyekundu uiache shuleni.

Sasa, sitaki kukupiga chenga. Tangu mimba ilipokataa kushika mara ya pili hujasema neno. Najua kwamba kati ya viinitete vyenu vilivyotungishwa maabara kimebaki kimoja tu, kimehifadhiwa pale kliniki kwenye baridi kali. Ulimpa jina mwenyewe, "yule wa barafuni". Ulicheka ulipolisema, nami nikacheka. Nauliza tu, Dada: mnamrudisha lini tumboni? Ukitaka kunijibu, nijibu. Usipotaka, niandikie habari za mvua.

Wako,
Kidomo


24 Februari

Kidomo, mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole chenye uji kwenye kona. Sikuifuta.

Huku tu wazima. Shemeji yako kikohozi kimemwacha, ila kiwanda cha kuchapa kinampa zamu mbili, anarudi na wino mpaka masikioni. Mimi niko na darasa la utundu mtupu. Jana nafundisha kugawanya, kichwa kimoja cha nyuma kikauliza: "Mwalimu, sifuri wakigawana watu kumi, kila mtu anapata nini?" Nikamjibu kila mtu anapata sifuri yake mwenyewe, hakuna sababu ya kugombana. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, halafu nikageukia ubao nikajifanya natafuta chaki.

Umeuliza. Tumekwenda kwa daktari wetu, yule tunayemwita Mpole kwa sababu hajawahi kupandisha sauti. Kliniki unaijua kwa maneno yangu: makochi laini, ukuta mzima wa picha za watoto waliozaliwa kwa kazi yao, na wasichana wa mapokezi wanaoita kila mwanamke mama. "Mama, kaa hapa." "Mama, subiri kidogo." Najua ni heshima tu, hata muuza vocha ananiita hivyo. Lakini pale ndani, Kidomo, lile neno linaingia kama mwiba wa samaki.

Mpole anasema safari hii, kwa kuwa amebaki mmoja, tufikirie nyongeza. Sokoni nyongeza ni ile nyanya ya mwisho muuzaji anayokutupia kwa kukupenda. Hapa hutupiwi. Nyongeza zenyewe ni tatu. Kwanza wanakwaruza kidogo ndani ya mji wa mimba ili uamke. Pili wanatumia kitu wanachokiita gundi, ili yule wa barafuni ashike. Tatu ni dripu, nyeupe kama maziwa, ya kutuliza kinga ya mwili, maana huenda mwili wangu unamwona mtoto kama adui.

Nikamuuliza, "Daktari, hiyo dripu inasaidia?"

Akafunga kalamu yake, akatabasamu. "Haidhuru, mama."

Shemeji yako anasema tufanye zote, tusije tukajuta uzeeni. Mimi sijui. Kichwa changu kimoja hakinitoshi. Wewe ungefanyaje?

Dada yako


10 Machi

Dada yangu,

Shikamoo tena. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma nikimnyonyesha Bosi. Mama anakusalimu, Fundi anakusalimu. Jokofu limeacha kuvuja, sasa linanguruma.

Nilipompeleka Bosi chanjo nilimchukua pembeni nesi mmoja, mama mtu mzima, anayetupenda. Nikamwambia nina ndugu, sikukutaja. Naye akanipeleka kwa daktari wa wanawake wa pale pale hospitali ya umma. Daktari alikuwa anakula, hakuacha kula, lakini alinijibu vizuri. Amesema hivi: vitu hivyo vimejaribiwa, wanawake wengine wakapewa, wengine hawakupewa, kisha wakalinganishwa. Gundi bado wanabishana, huenda inawasaidia kidogo baadhi. Kukwaruza, hakuna alichoona cha kumfanya amshauri mtu wake. Dripu na dawa za kushusha kinga, hakuna uthibitisho kwamba zinashikisha mimba, na si salama kwa kila mtu. Kasema muulizeni daktari wenu: wanawake wa aina yangu wasiopewa kitu hiki wanapata kiasi gani, na waliopewa wanapata kiasi gani? Akizunguka, mjue hana jibu.

Dada, rudi kwenye swali lako. Ulimuuliza inasaidia? Akakujibu haidhuru. Hilo ni jibu la swali jingine. Mteja akiniuliza kama mkate ni wa leo, nikamjibu kwamba hauumi tumbo, si atajua ni wa jana?

Na hiyo haidhuru yenyewe ina sura mbili. Kuna haidhuru ya kwamba haina madhara. Na kuna haidhuru ya basi tu, potelea mbali, liwalo na liwe. Wewe umesikia ya kwanza. Mimi nikiwa mbali huku nimesikia ya pili.

Umeniuliza ningefanyaje, nami nakujibu bila kupepesa. Ningekataa. Ningemrudisha yule wa barafuni kama alivyo, mtupu, bila mbwembwe, nikamwachia Mungu na mwili wangu. Mwili wako si adui wa mtu, Dada. Usikubali wakufundishe kuuogopa.

Usikasirike. Ningekuwa karibu ningekwambia haya huku nakusuka nywele, yasingekuwa makali hivi.

Kidomo


19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hujajibu. Nimejiambia barua imepotea posta, halafu nimejiambia imefika.

Mama alipiga simu kwako Jumapili saa kumi jioni. Shemeji akasema umelala. Mama amekata simu akaniuliza, "Tangu lini dada yako analala mchana?" Nikamwambia walimu wanachoka. Hakuniamini, ila amekubali kudanganywa.

Huku hakuna habari kubwa. Duka limeleta tanuri jipya, linaoka upande mmoja tu, tunauza mikate yenye uso mweupe na mgongo mweusi. Mimi tumbo linanisumbua asubuhi, harufu ya hamira sasa inanishinda. Nitakuwa nimechoka tu.

Kama niliandika vibaya, nitukane. Kuliko kimya, nitukane, Dada. Kimya chako nakijua tangu utotoni. Ungevunjika mguu usingesema, tungekuona tu unachechemea.

Kidomo


6 Mei

Kidomo,

Marahaba. Mama mwambie nimeamka.

Nitakuandikia mara moja, na usinirudishe huku tena.

Siku ile nilipokuuliza ungefanyaje, nilikuwa nimeshakubali zote tatu. Mchana ule ule, pale pale mezani kwa Mpole. Nikarudi nyumbani, nikakaa, nikakuandikia kana kwamba bado nafikiri. Barua yako ilipokuwa njiani, yule wa barafuni alikuwa ameshawekwa ndani yangu.

Siku ya dripu tulikuwa wanawake wanne kwenye viti vya kulalia, kila mmoja na chupa yake nyeupe juu ya kichwa. Maziwa yanashuka kwenye mrija, tone, tone. Mmoja, mwenye kucha za bluu, akatazama chupa yake, akatazama zetu, akasema: "Jamani. Tulikuja kutafuta wa kunyonyesha, sasa tunanyonyeshwa sisi." Tulicheka, Kidomo! Tulicheka mpaka nesi akachungulia kuona nani amekufa. Sijacheka hivyo tangu harusi yako. Pale kwenye kile kiti niliamini.

Barua yako ilifika asubuhi niliyoona damu. Shemeji yako alinipitishia chini ya mlango wa bafu. Hakujua. Alidhani itanichangamsha.

Nimeisoma yote nikiwa nimekaa sakafuni. Kila neno lilikuwa sahihi. Nimelichukia kila neno.

Unadhani sikujua? Nafundisha watoto kutofautisha kitu kilichothibitishwa na kitu kinachotamaniwa. Nilisoma kabla ya kwenda. Nilijua hakuna aliyeonyesha kwamba dripu inashikisha mimba. Lakini ukibaki na mmoja, ukaambiwa kuna kitu hukukifanya, utaishi vipi na kile ambacho hukukifanya? Sikukuuliza ili unijibu. Nilikuuliza ili tuwe wawili.

Tulirudi kwa Mpole. Amesikitika, kwa kweli amesikitika, amenishika mkono. Kisha akasema inaonekana kinga yangu ni kali kuliko alivyofikiri. Tukianza upya na mayai mapya, tuongeze vidonge, tuongeze kipimo kingine cha damu. Umeona ilivyo? Nyongeza haishindwi hata siku moja. Mimba ikishika, imeshikishwa na nyongeza. Isiposhika, nyongeza ilikuwa haitoshi. Anayeshindwa pale ni mmoja tu, na ni mimi.

Shemeji yako anataka tuanze. Kila akirudi kazini anaanzia hapo, hata viatu hajavua.

Naomba kitu kimoja. Kwa sasa usiniandikie habari za mtoto. Niandikie za mikate.

Dada yako


25 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeiweka mahali pangu.

Mikate, basi. Tanuri limetengenezwa, fundi wake kaligeuza tu, kumbe tuliliweka kinyume. Meneja anasema ni kosa la kiwanda. Tunaoka ya duara siku hizi, watu wanaipenda, wanasema inakaa mkononi vizuri. Hapa nyumbani tuko watatu, mimi, Fundi na Mama, pamoja na kelele fulani ambayo sitaitaja. Leo kelele hiyo imetembea hatua. Nimefuta mstari huo mara mbili na bado unasomeka. Nisamehe, karatasi ndiyo ya mwisho.

Dada, pole. Nilipaswa kuanza na pole. Mtu aliyeshika kitu chake cha mwisho duniani ananiuliza ungefanyaje, na mimi nakwenda kumtafutia daktari anayekula! Ningekwambia nakuja. Neno moja tu, nakuja, ningelibandika stempu nikalituma. Kwa hilo nakuomba radhi, na nitaendelea kukuomba radhi hata ukishanisamehe.

Lakini nilichosema juu ya dripu sikirudishi. Ningekirudisha leo ungefurahi kidogo, halafu ungejua nimekudanganya, maana wewe huwezi kudanganywa na mtu uliyemfundisha kusoma. Nikikuona unaongezewa vidonge vya kushusha kinga, kwa mwili ambao hakuna aliyeonyesha kwamba una kosa, siwezi kusema amina.

Sikiliza basi. Mkiamua kuanza upya, nitakuja kukaa na wewe kwenye kile kiti, nitakushika mkono, na yule wa kucha za bluu akisema kitu nitacheka kuliko wote. Mkiamua kuacha, nitakuja vilevile. Ila maziwa yao sitayaita dawa. Unaweza kunipokea hivyo?

Na lile neno lako la kushindwa. Sijui nililie au niligombeze. Mwanamke kamwagiwa maji ya moto, anaomba msamaha kwa kulowesha sakafu.

Nakupenda. Sijui kuliandika bila kuona haya, lakini limeshaandikika.

Kidomo


30 Julai

Kidomo, mdogo wangu,

Marahaba, na wote uwasalimie. Shule zimefungwa, nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia saa ya ukutani ya jirani. Shemeji yako yupo. Nitakueleza.

Tumekwenda kwa Mpole mara nyingine. Shemeji yako alivaa shati la harusi. Mpole akaanza: kipimo hiki, vidonge hivi, na safari hii dripu mara mbili. Nikamuuliza lile swali la daktari wako anayekula.

"Wanawake wa aina yangu wasiopewa hivi vyote, wanapata kiasi gani?"

"Kila mwanamke ni wa peke yake, mama."

"Na waliopewa?"

"Wapo wengi waliofanikiwa."

"Na wasiopewa, wapo waliofanikiwa?"

"Wapo pia."

"Daktari, nikiwa mke wako, ungenipa?"

Hapo akafunga kalamu yake. Akatazama picha zake ukutani. Akasema, kwa sauti ile ile ya upole, "Wanaokuja hapa hawapendi kuondoka bila kitu."

Sikumchukia. Nilimwona amechoka, kama sisi. Nikasimama, nikashukuru, nikatoka. Mapokezi wakasema, "Karibu tena, mama." Nikawaambia asanteni, mimi ni mwalimu.

Shemeji yako alinikuta kwenye ngazi. Alikuwa amebaki nyuma, nadhani alitaka kumwomba Mpole anishawishi. Akakaa kwenye ngazi na lile shati lake, akalia mbele za watu waliokuwa wanapanda. Mimi sikulia. Nilimpangusa kwa kitambaa cha kufutia ubao, ndicho kilichokuwa kwenye mkoba, nikamwacha na uso wenye chaki. Tumeacha, Kidomo. Hatuanzi upya. Si kwa sababu ulikuwa sahihi. Ni kwa sababu nimechoka kuutazama mwili wangu kama mtuhumiwa.

Sasa lako. Mama kanipigia wiki iliyopita, katikati ya habari za goti kaniambia, "Na mdogo wako asisimame sana na hali yake hii." Nikauliza hali gani. Mama akasema eh, simu inakatika.

Simu haikukatika. Nami nikuambie sasa, mtandao wetu haujawahi kukatika. Niliomba barua kwa sababu kila tulipoongea nilimsikia mwanao akilia nyuma yako, nawe ukimwambia haya, haya, mama yupo. Nikikata simu nilikuwa najifungia stoo ya vitabu mpaka kengele ilie.

Kwa hiyo ile harufu ya hamira ilikuwa ni hiyo. Ulijua tangu Aprili. Umenificha kwa huruma, najua. Lakini huruma yako imeniuma kuliko habari yenyewe. Habari ningeililia siku moja.

Umesema utakuja. Usije ukiwa na tumbo. Siwezi. Nakwambia ukweli kwa sababu wewe ndiye uliyeutaka uwe mtindo wetu. Njoo baadaye. Baadaye ni lini, sijui.

Dada yako


8 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako muda mrefu. Mara tatu nimeanza kujibu, na kila nikianza mtu wa humu ndani anataka kitu. Mama hajambo. Fundi hajambo, amenunua jokofu jingine bovu ili vipuri vyake viliponye la kwetu, sasa tuna majokofu mawili mabovu.

Sitakuja na tumbo. Nimekusikia.

Ni kweli nilikuficha. Nilipojua, nililia kwenye stoo ya unga, kwa sababu mbili. Moja ni kwamba wa kwanza bado ananyonya na sina nguvu ya kubeba hata kikapu. Ya pili ni wewe. Nilijiona kama mtu anayekula mbele ya mwenye njaa, halafu chakula chenyewe hakukiomba. Nilikosa mdomo, mimi Kidomo.

Kuna jambo lazima ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Mwezi uliopita Mama alikuja akakaa jikoni, akapapasa goti lake hata lisilouma. Kisha akasema, "Wewe unaye mmoja tayari, na unachoka. Huyu anayekuja si ungempa dada yako amlee? Damu ni ile ile. Wewe atakuita mama mdogo, kuna ubaya gani?"

Nilimwambia, "Mama, mtoto si mkate, nimkate nimpe mtu." Kasema nina moyo mgumu. Hatukuongea mpaka jioni.

Nimeliwaza, Dada, usidhani sikuliwaza. Nimeliwaza kaunta, nimeliwaza nikifua. Ningekupa figo. Ningekupa damu. Ningekupa usingizi wangu wote, japo haujazi kikombe. Huyu siwezi. Ananipiga mateke ninapoandika na namjua tayari, ni mkorofi, anapenda nikilalia kushoto. Nikikupa, kila nitakapokuja kwako nitakuwa nakuja kumtazama yeye, nawe utakuwa unanitazama mikono. Tutapoteza dada, tutapoteza mdogo, tubaki na mtoto mmoja anayevutwa huku na huku.

Najua wewe usingeomba jambo la namna hiyo. Una heshima kuliko sisi wote. Ndiyo maana nimemkatalia Mama moja kwa moja, kwa niaba yangu na yako. Nakuandikia ili usije ukasikia juu juu ukadhani nilikunyima kimya kimya.

Mlango wangu uko wazi siku utakayoweza. Hata usipoweza, uko wazi.

Kidomo


2 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Tu wazima wa mwili. Mvua imeanza, shule inavuja darasa la pili, tunafundisha watoto wakiwa wamebanana upande mmoja kama njiti kwenye kiberiti.

Mama usimnunie. Ile haikuwa fikra yake.

Nilimpigia Agosti nikamwomba akuulize. Nilimwambia aseme ni wazo lake, ili ukikataa nisiwe nimekataliwa. Alinisihi niandike mwenyewe. Nikamwambia mkono wangu hautaweza. Ni mara ya kwanza Mama kutunza siri, na kaitunza hata ulipomnunia.

Umekataa vizuri. Nimesoma sababu zako zote, sina hata moja ya kupinga. Ningekuwa wewe ningekataa hivyo hivyo, ila ningetumia maneno machache.

Usiniandikie kuniomba msamaha kwa hili, hukukosea popote. Ukijifungua, Mama atapiga, nami nitapokea simu.

Chumba chetu cha nyuma tulikuwa tumekipaka rangi Septemba, tukingoja jibu lako. Ni ya manjano, si kali. Shemeji yako alipanda juu ya meza akapaka mpaka dari, na wino wake masikioni, akiimba. Leo ameuliza kama anaweza kuweka baiskeli humo, isinyeshewe. Nimemwambia aiweke.

Dada yako